Kingori Yuko Kazini

Naro Moru
15 Machi 1998

Kwako Mama yangu Watiri,

Wenzako wa ofisini wakiuliza kwa nini mzee wa miaka sitini na mitano anamwita binti yake Mama, waeleze taratibu kwamba ulibeba jina la mama yangu, na kwa hiyo mimi ni mtoto wako hata nikiwa na mvi. Sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako Murugi linalomsumbua tangu mvua hizi za El Niño zianze. Viazi vya bondeni vimeoza ardhini. Kikohozi chako kimekwisha? Bado unakula mkate na chai tu mchana?

Nimechaguliwa tena kuwa katibu wa Umoja wa waongozaji na wapagazi. Sijapanda mlima hata mara moja maishani mwangu, lakini naandika Kiingereza, na hilo limewatosha. Sasa wanataka websaiti. Wamesikia kwamba mzungu akiwa kwao anaweza kumtafuta mwongozaji kwa kompyuta, akampata bila kupitia hoteli wala dalali. Gichovi, mwenyekiti wetu, alisema, "Mwalimu, wewe uko na msichana kwa mambo ya kompyuta. Andika." Basi naandika. Tusaidie kuchagua programu inayotufaa.

Kabla hujachagua, elewa jinsi tunavyofanya kazi. Kwetu mgeni ni wa mtu aliyembebea mzigo wake wa kwanza. Akirudi mwaka ujao, au akileta ndugu zake, ni wa huyo huyo, na mwingine hamgusi. Mwongozaji akifa, wageni wanabaki kuwa wa nyumba yake. Mjane ndiye anayechagua nani apande nao, na sehemu ya malipo inaingia jikoni kwake.

Unamkumbuka Kingori, aliyekuwa akikubeba mabegani mvua ikinyesha? Agosti iliyopita alishuka mlimani akiwa na homa ya mapafu, na juma halikuisha kabla hatujamzika. Amemwachia Warigia mabinti wawili wadogo na kishamba kisichotosha hata sukumawiki. Mali yao halisi ni wageni wawili, Willem na mkewe Annelies wa Uholanzi, ambao huja kila Februari na kundi la marafiki. Mwaka huu hawakuja, hatujui kwa nini. Bahasha zao za zamani ziliwasha moto jikoni, kama bahasha za kila mtu, kwa hiyo anwani hatuna.

Programu utakayotuchagulia iwalete wageni hao, na iwahifadhi wawe wa Warigia. Mengine yote ni mapambo.

Baba yako,
Gatimu


Nairobi
2 Aprili 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kikohozi kimepona na mchana nakula githeri, mwambie Mama asiwe na wasiwasi. Ajipake ile dawa niliyotuma, asiiweke kabatini kama sahani za wageni.

Nimeongea na mkubwa wangu. Kuna njia mbili.

Ya kwanza ni programu iliyonunuliwa ng'ambo, ambayo kampuni yetu inaikodisha. Ukurasa wenu utakaa hapa Nairobi. Ninyi mtajaza majina ya waongozaji, picha na habari zao, nayo itaupanga ukurasa yenyewe. Tena ina daftari la wageni ndani yake. Mgeni akijiandikisha, programu inamkumbuka, inamjibu papo hapo, inamtakia heri ya sikukuu, inampa mwongozaji. Hata simu za Naro Moru zikikatika mwezi mzima, yeye atajibiwa.

Ya pili ni kurasa za kawaida, nitakazoandika mimi kwa mkono. Haikumbuki mtu wala haijibu mtu. Ujumbe ukija utaenda kwa kompyuta ya Usman, dukani kwake pale Nyeri, autoe kwa karatasi, akutumie, nawe ukae chini ufikirie ni mgeni wa nani, kisha urudi Nyeri kumjibu.

Mimi moyo wangu uko kwa ya pili, kwa sababu ya hiyo desturi uliyoeleza. Lakini ni polepole sana, Baba, na hoteli hujibu siku hiyo hiyo.

Mkitaka ya kwanza, kuna maswali ya kujaza. Kila mgeni lazima awe na mwongozaji mmoja, na kila mwongozaji awe na nambari ya beji ya mlimani. Warigia hana beji, kwa hiyo hawezi kuandikwa. Fikirieni hapo vizuri kabla ya kujibu.

Binti yako,
Watiri


Naro Moru
26 Aprili 1998

Mama yangu Watiri,

Salamu zetu zikufikie ukiwa na afya. Mama yako amejipaka dawa na sasa anatembea hadi zizini, ingawa anasema ni maombi ndiyo yaliyofanya kazi. Barua yako ilichukua karibu majuma matatu kufika. Daraja lilibebwa na mto.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa. Nilieleza njia zote mbili kwa kirefu, nikachora hata ubaoni. Nilipokuwa nafika kwenye ya pili, Njoka akanikatiza. Unamjua Njoka, yule mrefu wa kutoka Kianyaga asiyeweza kunyamaza hata mazishini.

"Mwalimu, hiyo ya pili ni wewe," alisema. "Ni wewe tu na kalamu yako. Tukiandikiwa Januari, utajibu Pasaka."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Gichovi alisema jambo zito zaidi: kwamba mwaka jana tulipoteza makundi matatu kwa sababu hoteli ilijibu nasi tulikuwa bado tunatafuta stempu. Hapo nilijua uamuzi umekwisha. Wamechagua ya kwanza.

Kisha tukafika kwenye maswali. Kwa kila mwongozaji kuna mahali pa kuandika: yuko kazini, au hayupo. Tulipofika kwa Kingori niliweka kalamu chini. Warigia alikuwa ameketi nyuma na mtoto mgongoni.

"Andika yuko," akasema Njoka, na safari hii hakuwa anatania. "Nyumba iko, watoto wako, wageni wako. Ati tuambie mashine amekufa? Mashine ni ndugu yake?"

Hakuna aliyepinga. Beji ya Kingori ilikuwa bado na nambari yake, tukaijaza. Wageni wake wakija watapanda na atakayechaguliwa na Warigia, kama desturi ilivyo. Fomu nimeipeleka mwenyewe Nyeri, Usman akaituma kwa kompyuta moja kwa moja ofisini kwenu. Mkewe Jannat alinipa chai yenye iliki nyingi na kuniuliza kama umeposwa. Nilimwambia nikisikia nitamjulisha.

Baba yako,
Gatimu


Nairobi
19 Mei 1998

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini goti la Mama linaendelea vizuri. Mimi ni mzima.

Barua yako nimeipata leo, Baba. Fomu iliitangulia kwa majuma matatu. Jumaa, fundi wetu, aliiingiza siku ile ile ilipofika, naye hajui Kingori ni nani. Ukurasa umefunguliwa. Ni mzuri, picha ya mlima iko juu, na Kingori ni wa tatu kutoka kushoto, anatabasamu na lile kofia lake la sufu.

Sasa nisikilize. Ukiiambia programu yuko, haitunzi tu nafasi yake. Itasema kwa niaba yake. Kila jibu kwa mgeni wake linaandikwa "Mimi Kingori." Maneno hayo yamefungwa ndani, sisi tunajaza, hatuwezi kuyafungua. Anwani za wageni pia huzificha, inapitisha ujumbe tu. Maana yake hata mimi nikitaka kumwandikia mgeni wa Kingori kupitia humo, barua itatoka na saini ya Kingori.

Na tukibadilisha tuandike hayupo, papo hapo itamwarifu kila mgeni wake kwamba amepewa mwingine, na itawagawa kwa zamu. Jina linalofuata kwenye zamu ni Njoka.

Nilimwomba mkubwa wangu maneno hayo yabadilishwe. Amesema wenye programu wako ng'ambo na hawajibu barua za mteja mdogo kama sisi. Niambie nifanye nini. Mimi ningependa tumwambie ukweli yeyote atakayejiandikisha.

Binti yako,
Watiri


Naro Moru
20 Septemba 1998

Mama yangu Watiri,

Tunamshukuru Mungu kila asubuhi kwamba siku ya ule mlipuko wa ubalozi wewe ulikuwa upande mwingine wa mji. Mama yako bado anaamka akitaja jina lako. Njoo umwonyeshe uso, ndiyo dawa iliyobaki.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu jambo lenyewe lilihitaji kufikiriwa, na kwa sababu katikati yake kulitokea furaha. Dereva wa gari la mkate aliniletea karatasi kutoka kwa Usman mwezi wa saba. Annelies amejiandikisha. Ametuona akiwa kwao! Ameandika kwamba Willem alikuwa mgonjwa, ndiyo sababu hawakuja, na kwamba alipoona picha ya Kingori alimwita mumewe aje aitazame. Wanatarajia kuja Februari. Nilimsomea Warigia mlangoni pake, naye akaketi pale pale kwenye kizingiti. Amekopa mbegu za viazi kwa kutegemea Februari.

Kuhusu shauri lako la kumwambia ukweli, nakuomba uelewe jambo hili. Habari ya kifo haipelekwi kwa karatasi. Inapelekwa na mtu mzima, kwa miguu yake. Anakaribishwa, anaketi, anauliza hali ya nyumba, anapewa kitu cha kunywa, na mwenye nyumba anakuwa ameanza kuhisi kabla neno halijatoka. Kumwandikia mtu "fulani amekufa" ni kumtupia jiwe gizani. Hata baba yangu alipofariki nikiwa chuoni, mjomba alitembea kutoka hapa hadi kule kuniambia, na posta ilikuwepo.

Kwa hiyo usimwandikie. Akija Februari nitamngoja mimi, tutaketi naye na Warigia, tutamwambia inavyostahili. Ni miezi michache tu. Mashine imsalimie kwa sasa. Salamu haijawahi kumdhuru mtu.

Baba yako,
Gatimu


Nairobi
4 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Samahani sikuja Krismasi, tulikuwa na kazi nyingi.

Programu ilituma salamu za sikukuu kwa wageni wote, na kwa Annelies ilituma kwa jina la Kingori. Jana alijibu. Nimekutafsiria mwenyewe, kwa sababu sikutaka Usman akutumie na gari la mkate:

"Ndugu Kingori, asante kwa salamu zako. Willem wangu alifariki Novemba. Hakuna aliyetutakia heri mwaka huu, watu wanaogopa nyumba yenye msiba. Wako ndio ujumbe pekee uliokuja siku ya Krismasi, na nimeusoma mara nyingi. Nitakuja Februari peke yangu. Nataka unipeleke pale kwenye jiwe alipopenda kunywa chai. Sitaki kwenda na mtu mwingine yeyote. Wewe ulimjua."

Programu imeshamjibu. Imemwambia, "Mimi Kingori nimefurahi sana kupata habari zako."

Baba, sijui la kufanya. Nimekaa mbele ya kompyuta hii nikiwa na vidole kumi na hakuna ninachoweza kuandika ambacho hakitatoka na jina lake.

Watiri


Naro Moru
17 Januari 1999

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu. Sisi tuko.

Nilikwenda kwa Warigia nikaketi, nikamsomea. Sikujua nianzie wapi, kwa hiyo nilianza na Willem. Alimlilia Willem, ambaye aliwahi kumletea sufuria kutoka kwao akiwa ameibeba mkononi ndani ya ndege. Kisha akaniuliza jibu lilikuwa nini, nikamwambia.

Nilidhani hajanielewa, nikaanza kumweleza upya jinsi programu inavyofanya kazi.

"Nimeelewa, Mwalimu," alinikatiza. "Huyo mama amelia kwa mume wangu, na mume wangu amemwambia amefurahi."

Nilimweleza kwamba tukiandika hayupo, Annelies atapewa Njoka, na wengine watagawanywa. Nikamweleza kwamba Februari imekaribia, tuvumilie tu, nitalimaliza kwa mdomo wangu. Nilisema mengi. Mama yako husema nikiogopa ndipo ninapofundisha.

"Andika hayupo," akasema. "Nimemzika mimi. Mnanifanya nimzike na mdomo ukiwa wazi."

Njoka alipopata habari alikuja kwangu amevua kofia. Alisema mashine ikimpa huyo mama atamrudisha kwa Warigia kwa mkono wake mwenyewe, na senti yake haitaki. Namwamini. Nimekwenda Nyeri leo, Usman ameutuma ujumbe kwenu kwa kompyuta. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia mwenye mali ameamua.

Baba yako,
Gatimu


Nairobi
29 Januari 1999

Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Tulibadilisha siku ile ile. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Jumaa. Alibonyeza mara moja tu. Programu ilimwandikia Annelies: "Kingori hayupo nasi tena. Mwongozaji wako mpya ni Njoka. Tunakutakia safari njema." Basi.

Baada ya muda mfupi akauliza: "Hayupo tangu lini?"

Hakuna mwanadamu wa kumjibu humo ndani, kwa hiyo programu ikamtumia habari zote za ukurasa zilizobadilishwa, na ule ukurasa mpya wa ukumbusho ambao Gichovi aliomba tumwekee Kingori. Una tarehe ya kifo. Agosti 1997.

Akaandika mara ya mwisho: "Basi ni nani aliyeniandikia Krismasi?"

Nilijaribu kumjibu, Baba, sasa ningeweza kutumia jina la Njoka, jina lolote. Lakini chini ya kila ujumbe programu inaweka mahali pa mtu kujiondoa kwenye daftari, naye alikuwa ameshajiondoa. Mtu akijiondoa anafutiwa vyote: jina, anwani, barua zake. Jumaa alitafuta mpaka jioni. Ni kana kwamba hakuwahi kuwepo.

Nisamehe. Mimi ndiye niliyewaletea kitu hiki.

Watiri


Naro Moru
21 Februari 1999

Mama yangu Watiri,

Hujambo? Sisi hatujambo. Goti la mama yako limetulia kwa kuwa kumekauka, na anauliza kama Pasaka utakuja. Usijilaumu. Uliniandikia mapema, na aliyejibu "salamu haijawahi kumdhuru mtu" ni mimi, mwenye cheti cha ualimu.

Amekuja, Watiri. Juma lililopita Njoka alisikia kutoka kwa mpishi wa hoteli kwamba kuna mama mzee wa Kiholanzi, peke yake, aliyepewa mwongozaji wa hoteli. Kwa hiyo mimi na Warigia tukawa tunakaa kwenye kituo cha mafuta, kwa sababu magari ya hoteli hujaza pale kabla ya kupanda kwenda getini. Warigia alivaa kile kitambaa alichopewa na Willem. Njoka alikaa mbali kidogo, asije akaonekana kama anamdai mgeni.

Jumatano gari liliingia. Alikuwa kiti cha nyuma, amekonda, ameshika begi mapajani. Dereva akashuka kujaza mafuta. Nikasogea dirishani, nikavua kofia. Alishusha kioo. Hakunijua, tulionana mara moja tu miaka mingi iliyopita, lakini alimtazama Warigia, na nadhani yeye alimtambua.

Nikamsalimu kwa Kiingereza changu chote. Nikamwambia jina langu na kazi yangu. Nikamuuliza hali yake, akasema yuko salama. Nikamuuliza safari ya ndege, na kama kwao kuna baridi wakati huu, na habari za nyumbani. Aliposikia la nyumbani alilikumbatia lile begi, nami nikamwambia pole, tulisikia habari za mzee. Nilikuwa nataka ashuke. Kulikuwa na benchi pale kivulini, soda nilikuwa nimeshalipia. Nilikuwa namweleza habari ya benchi.

Dereva akafunga kifuniko, akaingia, akasema wanachelewa geti. Annelies alinitazama kama anayengoja, Watiri. Alikuwa ananingoja mimi. Na mimi nilikuwa na neno mdomoni, lakini lilikuwa bado halijafika zamu yake. Nikasema, "Mama, kuhusu Kingori—" na gari likawa limeshatoka.

Warigia alikunja kile kitambaa, akaenda kumchukua mtoto kwa jirani. Njoka alitaka kukimbilia getini, na alikimbia kweli, lakini pale hawaruhusu mwongozaji kumfuata mgeni wa mwingine. Ni sheria tuliyoomba wenyewe zamani.

Walishuka Jumamosi kwa njia ya upande wa Chogoria, kwa hiyo hakupita tena hapa.

Warigia alihamia Kagio Ijumaa. Dada yake ana meza ya nyanya sokoni na amempa nusu. Ameniachia ufunguo wa nyumba. Jana nilikwenda kufungua madirisha hewa iingie, nikakaa kidogo.

Usman ametuma karatasi nyingine na gari la mkate. Wajerumani wanne, wa mwezi wa saba. Programu imempa Gichovi, kwa zamu. Imeshawajibu.

Baba yako,
Gatimu